Viuatilifu katika kilimo cha viazi: jinsi ya kujua kama dawa inajilipa

Dawa haiongezi kiazi hata kimoja shambani. Mavuno huletwa na mbegu safi, udongo wenye rutuba, maji ya kutosha na idadi ya siku ambazo majani yamebaki kijani; kazi ya kiuatilifu ni kuyalinda mavuno hayo yasipotee kabla hayajachimbwa. Kutokana na ukweli huo, mkulima aliyepanda mbegu dhaifu hulipia ulinzi kwa bei ileile anayolipa mwenye shamba zuri, ilhali anacholinda ni kidogo zaidi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuamua dawa ipi inunuliwe, ipigwe lini na kwa kiasi gani, na namna ya kupima baadaye kama fedha iliyotumika ilirudi.

Geuza gharama kuwa kilo za viazi

Njia nyepesi ya kupima thamani ya dawa ni kuiweka gharama yake katika kipimo cha viazi badala ya fedha. Jumlisha kila kinachotumika katika awamu moja ya kupiga dawa kwa hekta: dawa yenyewe, ujira wa mpigaji hata kama ni wewe mwenyewe au mtu wa nyumbani, kazi ya kuchota na kubeba maji, mafuta ikiwa bomba ni la injini, na sehemu ya gharama ya kuchakaa kwa bomba na mavazi ya kujikinga. Kisha gawanya jumla hiyo kwa bei halisi ya kilo moja, yaani bei ya kuuzia baada ya kuondoa gharama za kuchimba, magunia na usafiri, kwa kuwa kila kilo itakayookolewa nayo itahitaji kuchimbwa na kubebwa. Jibu utakalopata ni kiasi cha viazi ambacho awamu hiyo inapaswa kuokoa ili ijilipe.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba awamu moja inagharimu sawa na kilo 150 kwa hekta. Katika shamba linalotarajiwa kutoa tani 20, kilo hizo hazifiki asilimia 1 ya mavuno. Katika shamba linalotarajiwa kutoa tani 8, zinakaribia asilimia 2. Awamu zikifika nane, gharama inakuwa kilo 1,200, ambazo ni asilimia 6 ya mavuno ya shamba la kwanza na asilimia 15 ya shamba la pili. Dawa ni ileile na kazi ni ileile, lakini mzigo wake kwa mkulima wa pili ni mara mbili na nusu. Mkulima huyo angefaidika zaidi kama sehemu ya fedha ya dawa ingeelekezwa kwenye mbegu iliyothibitishwa, au kwenye aina ya kiazi inayostahimili ugonjwa, hata akabaki na awamu chache za kupiga dawa. Hesabu hii irudiwe kila bei inapobadilika: bei halisi ya shambani ikishuka kwa nusu, zile kilo 150 zinageuka kuwa 300, na awamu iliyokuwa na faida wazi inaweza kuwa ya kutiliwa shaka.

Wadudu huhesabiwa, ukungu hutabiriwa

Mwaka 1959 wataalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha California walieleza dhana ambayo hadi leo ndiyo msingi wa matumizi ya dawa kwa hesabu, nayo ni kizingiti cha kiuchumi. Maana yake ni kwamba wadudu wachache hawastahili dawa, kwa sababu hasara wanayoleta ni ndogo kuliko gharama ya kuwaua. Dawa hupigwa pale idadi yao inapofikia kiwango ambacho, wakiachwa, hasara itapita gharama hiyo. Kwa mlaji wa majani dhana hii inafanya kazi vizuri kwenye viazi. Mmea mchanga unaweza kupoteza sehemu ya majani yake na kuotesha mengine, ila kuanzia wakati wa maua, viazi vinapojaa chini ya ardhi, kila jani linalopotea lina uzito mkubwa zaidi. Kwa hiyo kagua shamba angalau mara moja kwa wiki, ukipita kwa mstari wa kukatisha katikati na si pembeni peke yake, usimame kwenye mimea kadhaa kila hatua, ugeuze majani na kuandika ulichokiona. Ukikuta vidukari pamoja na wadudu kobe na mabuu yao wanaowala, subiri siku chache na uhesabu upya, maana dawa inayoua kila kitu huwaondoa pia hao wasaidizi wasiolipwa, na vidukari hurudi kabla yao.

Kwa bakajani chelewa, ambao wakulima wengi huuita ukungu, dhana hiyo haifai. Huu ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuchangia njaa iliyoua watu wapatao milioni moja, na kasi yake haijapungua tangu hapo. Vimelea vyake hupenda hali ya ubaridi na unyevu, jani linapokaa na maji kwa saa nyingi usiku na asubuhi. Kuanzia kuingia kwenye jani hadi kutoa kizazi kipya cha mbegu za ugonjwa, mara nyingi haipiti wiki moja. Doa moja unaloliona leo lina ndugu zake wasioonekana kwenye majani ya jirani, na shamba lisilolindwa likikutana na hali ya hewa inayofaa ugonjwa linaweza kuwa jeusi ndani ya wiki mbili. Kusubiri kufikia kizingiti hapa ni kusubiri hasara.

Badala ya kuhesabu madoa, tazama hali ya hewa. Nchini Uingereza tahadhari ya ugonjwa huu hutolewa kwa kigezo kiitwacho cha Hutton, kilichoanza kutumika mwaka 2017: siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10, na kila siku ikawa na angalau saa 6 za unyevu wa hewa wa asilimia 90 au zaidi. Vigezo vya namna hii huhitaji kurekebishwa kulingana na mahali, lakini wazo lenyewe linamfaa yeyote mwenye kipimajoto na macho ya kuona umande unaochelewa kukauka. Kinga ya kwanza hupigwa kabla majani ya mstari mmoja hayajagusana na ya mstari wa pili, kwa kuwa yakishafunga, hewa haipiti chini yake na dawa nayo hufika kwa shida. Baada ya hapo nafasi ya siku 7 hadi 10 ndiyo ya kawaida kwa dawa za kinga, ikipunguzwa mvua zinapofululiza na kuongezwa kukiwa kikavu, mradi maelekezo ya lebo yanaruhusu. Kupiga dawa kwa kufuata kalenda bila kuangalia mbingu ni kosa lenye sura mbili: msimu mkavu unalipia awamu zisizo na kazi, na msimu wa mvua unaacha majani mapya uchi kwa siku tatu au nne ambazo ugonjwa unazihitaji.

Kuchagua dawa ya ukungu

Dawa za ukungu ziko za namna mbili kubwa. Za kugusa, kama mankozebu na zile za shaba, hukaa juu ya jani na kuzuia ugonjwa usiingie. Haziponyi, huoshwa na mvua, na hazilindi jani lililochipua baada ya kupigwa. Za kupenya, kama metalaksili, simoksanili na dimethomofu, huingia ndani ya jani na baadhi yake huweza kuzima maambukizi yaliyoanza siku moja au mbili zilizopita. Kwa kawaida dawa za kugusa ni nafuu, za kupenya ni ghali, na kosa la gharama kubwa ni kutumia kila moja mahali pa mwenzake: ya kugusa kwenye shamba lililokwisha kushambuliwa, au ya kupenya mfululizo wakati hakuna dalili ya mvua. Mpango unaokubalika ni kuanza na ya kugusa, kuweka ya kupenya, au mchanganyiko wa zote mbili, pale majani yanapokua kwa kasi na hali ya hewa ni mbaya, kisha kurudi kwenye ya kugusa.

Sababu ya kutorudia dawa moja ya kupenya ni usugu. Metalaksili iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na nguvu ya kustaajabisha, na ilipofika mwaka 1980 tayari vimelea vya bakajani visivyoisikia vilikuwa vimeripotiwa kwenye mashamba ya viazi huko Ulaya. Kubadilisha jina la pakiti si kubadilisha dawa. Chukua pakiti mbili za majina tofauti, geuza upande wenye maandishi madogo, utafute kiambato tendaji, yaani kemikali inayofanya kazi ndani ya dawa, na namba ya kundi, inayoonyesha namna kemikali hiyo inavyoshambulia kimelea: ukikuta moja ina dimethomofu na nyingine mandipropamidi, zote ni kundi la 40, na kwa kimelea hicho umempiga mara mbili kwa fimbo ileile. Kinachobadilishwa ni namba ya kundi. Angalia pia namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na kama lakiri haijafunguliwa, kwa kuwa dawa bandia hugharimu fedha mara mbili, ya kununulia na ya mavuno yaliyopotea huku ukiamini umelinda. Usajili nao hubadilika: Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa klorothalonili mwaka 2019 na wa mankozebu mwaka 2020, hivyo anayelima kwa ajili ya soko la nje aulize kwanza nini kinakubalika huko kabla ya kununua.

Dawa ambazo hazitarudisha fedha

Upotevu mkubwa shambani hutokana na dawa nzuri iliyopigwa kwenye tatizo lisilolisikia. Mmea ukinyauka mchana huku majani yakiwa bado kijani, usikimbilie bomba. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kishikilie kikiwa kimegusa maji safi ndani ya glasi bila kukitikisa, na utazame kwa dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna kiuatilifu cha kuuponya. Kinachobaki ni kung'oa mmea pamoja na viazi vyake na udongo ulioushika, kuuondoa shambani, kusafisha jembe na buti, na kutopanda viazi, nyanya, biringanya wala pilipili mahali hapo kwa misimu kadhaa. Kila awamu ya dawa inayopigwa kwa ajili ya mnyauko huu ni hasara tupu.

Virusi ni kisa kingine, chenye mtego ndani yake. Virusi vinavyokunja majani ya viazi huhitaji kidukari akae kwenye mmea kwa muda mrefu ili avichukue na kuvipitisha, hivyo dawa ya wadudu husaidia. Virusi Y huchukuliwa na kupitishwa ndani ya sekunde, kidukari anapoonja jani tu. Dawa itamuua baada ya yeye kukamilisha kazi, na pengine itamsumbua ahame mimea mingi zaidi. Kwa tatizo hilo, mbegu safi na kung'oa mapema mimea iliyodumaa yenye majani ya madoadoa kuna thamani kuliko chupa yoyote ya dawa. Kadhalika nondo wa viazi: viazi vilivyofunikwa vizuri na udongo, usioachwa ukapasuka kwa ukavu, humzuia kwa gharama ya kazi ya jembe ambayo ilipaswa kufanyika kwa vyovyote.

Pale usipokuwa na uhakika kama doa ni bakajani chelewa au bakajani tangulia, jaribio la usiku mmoja linatosha. Weka jani lenye doa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi laini iliyoloweshwa, ufunge na uuache ndani ya nyumba. Asubuhi, utando mweupe kama vumbi chini ya jani, kandokando ya doa, ni alama ya bakajani chelewa. Bakajani tangulia huwa na madoa makavu yenye duara ndani ya duara, huanzia majani ya chini yaliyozeeka, na kwa kawaida haina haraka kama mwenzake. Metalaksili, ambayo ni ghali, haina kazi kwa bakajani tangulia.

Kupima bomba kabla ya kupima dawa

Kipimo cha "vijiko viwili kwa bomba" hakina maana mpaka ijulikane bomba hilo linafunika eneo gani. Pima kipande cha mita 10 kwa 10 shambani, weka maji matupu kwenye bomba hadi alama, piga eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena kwa chombo chenye vipimo hadi alama ileile. Ikiwa umeongeza lita 4, unatumia lita 400 kwa hekta. Bomba la lita 16 litafunika mita za mraba 400, na hekta moja itahitaji mabomba 25. Lebo ikisema kilo 2 za dawa kwa hekta, kila bomba litapata gramu 80.

Sasa tazama kinachotokea kama mpigaji mwingine, mwenye hatua ndefu na haraka ya kumaliza, anatumia lita 250 kwa hekta huku akiweka gramu zilezile 80 kwa bomba. Hekta yake inapata takriban kilo 1.25 badala ya 2. Ataona dawa imeisha polepole na kudhani ameokoa fedha. Alichofanya ni kununua ulinzi wa nusunusu na kuwapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa. Kinyume chake nacho kina gharama: nozeli iliyochakaa hutoa maji mengi na matone makubwa yanayotiririka hadi chini. Linganisha kila msimu kiasi inachotoa kwa dakika moja na kile cha nozeli mpya. Tofauti ikizidi asilimia 10, ibadilishe. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye bomba, na sielewi kwa nini ndicho hubadilishwa mwisho.

Tumia maji safi, kwa kuwa matope hupunguza nguvu za baadhi ya dawa na kuziba nozeli. Dawa ya unga ikorogwe kwanza kwenye ndoo yenye maji kidogo hadi ilainike, imiminwe kwenye bomba lililojaa nusu, ndipo bomba lijazwe. Usichanganye dawa mbili ambazo lebo zake haziruhusu. Piga asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, hakikisha majani ya chini na upande wa chini wa majani yanafikiwa, na uache muda dawa ikauke kabla ya mvua.

Afya ni sehemu ya hesabu

Mpigaji akiugua kwa sumu, siku za kazi zilizopotea na gharama za matibabu hufuta faida ya awamu kadhaa, tukiacha madhara ya muda mrefu yasiyohesabika kwa kilo. Utepe wa rangi kwenye lebo huonyesha ukali: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, bluu na kijani. Yenye utepe mwekundu iache dukani, kwa kuwa tatizo la viazi linalodai sumu ya kiwango hicho kwa bomba la mgongoni kwa kawaida lina njia nyingine. Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kuchanganya, dawa ikiwa bado nzito, na wapo wanaovaa buti na barakoa shambani baada ya kukoroga dawa mikono mitupu. Glavu zisizopenyeza, miwani na ovaroli vivaliwe kabla chupa haijafunguliwa. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye bomba ili dawa uliyoilipia itumike yote, kisha itobolewe isije ikawekwa maji ya kunywa au mafuta ya kupikia. Muda wa kusubiri kabla ya kuvuna uheshimiwe, kwa sababu mzigo unaokataliwa kwa mabaki ya dawa hupoteza thamani yake yote kwa mara moja.

Awamu za mwisho na kuua majani

Wiki za mwisho ndizo zenye maamuzi yanayosahaulika. Majani mengi yakishakuwa ya njano, viazi haviongezeki uzito wa maana, na kuendelea kulipia dawa ili kulinda majani yanayokufa hakuna hesabu. Hapo ni afadhali kukata majani na mashina, au kuyaua kwa dawa iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, kisha kusubiri wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchimba. Ganda hukomaa, michubuko hupungua, na mbegu za ugonjwa kwenye majani hufa badala ya kuoshwa na mvua hadi kwenye viazi. Ila kinga ya ukungu isisitishwe mpaka mashina yafe kabisa, kwa maana shamba lenye mashina nusu mabichi na udongo uliolowa ndilo linalopeleka uozo ghalani.

Baada ya kuuza, weka mezani daftari lenye tarehe ya kila awamu, kiambato tendaji, kundi, kiasi kilichotumika, hali ya hewa na gharama, halafu ugawanye jumla ya gharama za dawa kwa bei halisi uliyopata. Kwa dawa za wadudu unaweza kuacha mistari michache bila kupiga na kupima mavuno yake kando, na tofauti itakuonyesha dawa iliokoa nini. Usifanye hivyo kwa bakajani chelewa, kwa kuwa mistari hiyo itakuwa kitalu cha ugonjwa kwako na kwa majirani. Badala yake, panda mistari ya aina inayostahimili kando ya ile uliyoizoea, uipunguzie awamu kwa kufuata maelekezo ya kitaalamu, kisha ulinganishe kilo zilizobaki mkononi baada ya kutoa gharama za dawa za kila upande.